Nguruwe wa Kigiriki ndani ya chapati

Katika miji ya Ugiriki, mlo unaopendwa sana barabarani ni suvlaki. Ni vipande vidogo vya nyama ya nguruwe vilivyochomwa kwenye vijiti, kisha vikakunjwa ndani ya mkate bapa uitwao pita pamoja na nyanya, vitunguu na mtindi uliotiwa tango. Je, mlo huu waweza kupikwa Kawangware? Bila shaka. Pita ni ndugu ya chapati, nao mtindi twaupata kwa kuchuja maziwa lala.

Kwa watu wanne, tafuta nusu kilo ya nyama ya paja isiyo na mafuta mengi, limau moja, punje 4 za kitunguu saumu, majani ya rozimari, chapati 4, pakiti ya nusu lita ya maziwa lala, tango, nyanya na vitunguu.

Ondoa mafuta, kisha katakata nyama vipande vidogo. Changanya na maji ya limau, punje 3 za saumu zilizopondwa, rozimari, chumvi kidogo na vijiko viwili vya mafuta. Funika kwa saa moja. Wakati huo, maziwa lala yawe yanachujika katika kitambaa safi. Yakishakuwa mazito, tia tango lililokunwa na kukamuliwa maji, na ile punje ya saumu iliyobaki.

Choma nyama juu ya makaa, au uikaange kwa kikaango kikavu, ukigeuza mara kwa mara. Chapati zipikwe kwa unga wa ngano usiokobolewa na mafuta kidogo sana.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu huweza kubeba vifuko vya minyoo aina ya tegu, vilivyo kama punje ndogo nyeupe ndani ya nyama. Anayekula nyama hiyo ikiwa mbichi hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo cha mtu huyo, na yeyote atakayeyameza kupitia mikono michafu au mboga zisizooshwa aweza kuota vifuko ubongoni na kupatwa na kifafa, hata kama hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake.

Kwa hiyo nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Ipike hadi ndani kusibaki wekundu wala maji ya damu. Pasua kipande kinene zaidi uhakikishe. Kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata nyanya. Mboga zioshwe kwa maji safi, na mikono ioshwe kila utokapo chooni.

Jambo la mwisho ni ujirani. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makao ya askari Wanubi, na hadi leo Waislamu wengi huishi huko, hasa Makina. Katika ploti za kushirikiana, usipikie nguruwe kwa sufuria au jiko la kuazima. Ukiwa na mgeni Mwislamu, tumia kuku kutoka bucha ya halali na vyombo ambavyo havijawahi kuguswa na nguruwe. Viungo ni vilevile, na utamu haupungui.

Kila mtu akunje chapati yake ingali moto. Karibuni mezani!