SINGE YA ZAMANI: TUSOME CHUMA

Leo wekeni vitabu kando. Tutasoma chuma.

Singe ni kisu kirefu kinachofungwa mbele ya bunduki. Mkitaka kuiona, nendeni mjini katika barabara ya Samora, mtazame Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Ameinama mbele, bunduki mikononi, na ncha ya singe yake inaelekea bandarini.

Singe nyingi zililetwa nchini katika vita ya 1914 hadi 1918. Chuma chake ni kizuri. Kwa hiyo mtu akiikuta katika vitu vya marehemu babu, huona heri aifanye kisu cha shamba, au huiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Siku hiyohiyo yaweza kufika Gerezani, jirani na Kariakoo, ikatiwa tupa. Tupa ikipita mara chache, maandishi yamekwisha, na hakuna fundi awezaye kuyarudisha.

Basi soma kwanza. Shika mpini, utazame bapa la chuma karibu na mkono wako. Singe ya Kiingereza iliyo maarufu ina chuma cha sentimita 43 hivi, na juu ya mpini ina pete ya kuingiza mdomo wa bunduki. Kwenye bapa utaona taji, na chini yake maandishi. Tuseme ni haya:

G R
1907
3 17
WILKINSON

G R ni Mfalme George. WILKINSON ni jina la mtengenezaji. Lakini 1907 je? Hapa watu wengi hukosea. Huenda mwuzaji akakuambia, “Bwana, hii ni ya Maji Maji, tazama mwaka wenyewe.” Usitoe fedha bado. 1907 ni mwaka wa kielelezo, yaani jina la namna hiyo ya singe. Namba ndogo ndizo za kutengenezwa: 3 ni mwezi, 17 ni mwaka. Ilitengenezwa Machi 1917. Vita ya Maji Maji ilikuwa 1905 hadi 1907, tena serikali iliyopigana na wananchi ilikuwa ya Wajerumani. Singe ya Kiingereza ilitafuta nini huko?

Geuza upande wa pili. Alama kama mguu wa kuku ni ya mali ya serikali ya Uingereza. X maana yake chuma kilipindwa kujaribiwa, nacho hakikuvunjika.

Singe za Kijerumani zilikuwa za namna nyingi. Moja hutambulika upesi: chuma chake hupanuka karibu na ncha, na haina pete nzima. Askari waliiita kisu cha bucha. Mwaka wake umo mgongoni mwa chuma: taji, W ya Mfalme Wilhelm, kisha namba mbili. W 15 ni 1915.

Namba hizo zina kazi. Waingereza waliifunga bahari, na meli mbili tu za kuwaletea Wajerumani silaha zilipenya: Rubens, Aprili 1915, kaskazini ya Tanga, na Marie, Machi 1916, huko Sudi karibu na Lindi. Kwa hiyo ukiona W 17, jua kwamba singe hiyo haikuletwa kwa jeshi lile. Ilikuja kwa njia nyingine, baada ya vita.

Ukiipata, usiisugue kwa msasa. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Weka karatasi juu ya maandishi, upitishe penseli, herufi zitatokea. Muulize mwenyewe ilitoka kijiji gani na kwa nani, uandike jibu lake pale pale. Ukitaka msaada, yapeleke maandishi hayo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Risasi au kombora usiguse kabisa; waite polisi.

Haya, chukueni madaftari. Andikeni: taji, E R, 1907, 11 09. E ni Mfalme Edward, aliyefariki mwaka 1910. Je, singe hii ilitengenezwa mwezi gani, na mwaka gani?