Ndoano Yenye Manyoya: Ufundi wa Chambo Bandia katika Ziwa Tanganyika

Kijiji cha Lweba, kilichoko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika teritware ya Fizi nchini Kongo, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, ni mojawapo ya vijiji vingi vya pwani ya magharibi ambavyo chakula na fedha za watu wake hutegemea ziwa. Uvuvi wa ziwa hilo unapoelezwa vitabuni, nyavu ndizo hupewa kurasa nyingi: nyavu za kuinua zinazotumiwa usiku kwa taa katika mitumbwi iliyofungwa pamoja, makokoro ya kuvutwa hadi ufukweni, na nyavu kubwa za kuzingira ambazo wafanyabiashara wa Kigiriki walizileta upande wa Burundi katika miaka ya 1950. Mshipi, yaani uzi wenye ndoano unaoshikwa kwa mkono, hutajwa kwa sentensi moja au mbili, na chambo bandia kinachofungwa kwenye ndoano hiyo hutajwa kwa nadra zaidi, ingawa ndicho chenye ufundi unaostahili kuelezwa kwa kirefu.

Chambo bandia ni kitu chochote kisicholika ambacho hufungwa kwenye ndoano ili samaki akidhanie kuwa ni windo. Faida yake kwa mvuvi wa Fizi ni ya wazi kabisa: chambo halisi katika ziwa hili mara nyingi ni ndagala, samaki mdogo mwembamba, na ndagala ni chakula cha binadamu chenye bei sokoni, hivyo kila ndagala anayechomekwa kwenye ndoano ametolewa chunguni au mfukoni. Zaidi ya hayo, chambo halisi hunyofolewa na samaki wadogo na huoza juani, ilhali kishada cha manyoya kilichofungwa vizuri huzamishwa na kupandishwa usiku kucha bila kuhitaji kubadilishwa.

Samaki anayewindwa zaidi kwa njia hii ni mikebuka, ambaye Kigoma huitwa mgebuka na Bujumbura mukeke. Jina lake la kitaalamu, Lates stappersii, linatokana na Louis Stappers, daktari wa Kibelgiji aliyeongoza uchunguzi wa maziwa ya Moero na Tanganyika kati ya mwaka 1911 na 1913. Ni jamaa mdogo wa sangala, mwembamba, mwenye rangi ya fedha, na huishi katika maji ya wazi mbali na miamba, akila ndagala, uduvi na viumbe wengine wadogo wanaoelea. Jambo la kuzingatia ni kwamba huwinda kwa macho, na maji ya Tanganyika, ambayo ni angavu kuliko ya maziwa mengi ya Afrika, humwezesha kuona windo kwa mbali. Samaki wa namna hiyo hamsubiri mvuvi amletee harufu ya nyama. Humtosha kuona kitu chembamba, cheupe au chenye kung'aa, kinachopanda na kushuka kama ndagala aliyeachwa nyuma na kundi lake, kisha hukirukia kabla mwingine hajamtangulia.

Katika Amerika Kaskazini na Ulaya, malighafi yenye sifa kubwa kwa kufunga chambo bandia ni manyoya ya ayala, mnyama mwenye pembe zenye matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Unywele wa mwili wake una vijumba vingi vidogo vilivyojaa hewa, ambavyo humkinga mnyama na baridi, na kutokana na hewa hiyo unywele huelea majini na pia hubonyea kwa urahisi. Fundi anapouweka mkungu wa manyoya hayo juu ya ndoano na kuukaza kwa uzi, sehemu iliyobanwa hubonyea na ncha zote mbili hufumuka kuzunguka ndoano. Akishindilia mikungu kadhaa hivyo na kuikata kwa mkasi, hupata kichwa kinene, chepesi, kinachofanana na kichwa cha samaki mdogo. Chambo mashuhuri cha aina hiyo ni Muddler Minnow, kilichobuniwa na Don Gapen katika miaka ya 1930 kwenye mto Nipigon, Kanada, ili kuiga samaki mdogo wa chini ya mawe anayeliwa na samaki wakubwa wa mto huo. Nywele ndefu za mkia wa ayala, ambazo hazina hewa nyingi, hazifumuki kwa kiasi hicho, na kwa hiyo hufungwa ziburutike nyuma ya ndoano yenye kichwa cha risasi.

Kusini mwa Sahara ayala wa asili hawapo, na msomaji asidhani kwamba swala yeyote aliyepo anaweza kuchukua nafasi yao. Funo na jamaa zake wa misitu ya milima ya Itombwe, iliyoko magharibi ya nchi ya Fizi, wana manyoya mafupi yasiyofumuka, na kuua mnyama wa porini, katika milima ambayo sehemu yake ni hifadhi tangu mwaka 2006, kwa ajili ya kishada cha ndoano ni upumbavu wa wazi. Mbuzi mawe, swala mdogo wa miamba, ndiye hasa mwenye nywele zilizo wazi ndani kama za ayala, na wafungaji wa vyambo wa Afrika Kusini wamezitumia badala yake. Lakini hata hizo hazimfai sana mvuvi wa mikebuka. Sababu ni rahisi: manyoya yanayoelea yanafaa pale samaki anapokula juu ya maji au katika mto usio na kina, ilhali mshipi wa Tanganyika hushushwa mita nyingi chini, na hapo hewa iliyomo ndani ya unywele humfanyia mvuvi kazi ya kinyume. Kinachotakiwa ni unywele mwembamba, wenye kushuka, unaocheza unapotikiswa, na unywele huo anao mbuzi wa kijijini, hasa mkiani na kidevuni, ambapo nywele ni ndefu na nyororo.

Kufunga kwenyewe huanza kwa kuishika ndoano imara, ama kwa jiliwa, ama kwa koleo iliyofungwa mpira mpinini, kwa kuwa ndoano inayochezacheza haifungiki. Uzi, ambao unaweza kuwa wa nailoni wa fundi cherehani, huzungushwa kwanza kwenye shina la ndoano peke yake, kuanzia karibu na jicho kwenda kwenye mpindo, ili manyoya yapate mahali pa kukamata. Anayeruka hatua hii huona kishada kikizunguka kwenye chuma baada ya samaki wa kwanza. Kisha hukatwa mkungu mdogo wa manyoya karibu na ngozi, na manyoya mafupi laini ya chini hutolewa kwa kuchanua kwa vidole au kitana, kwani hayo hunywa maji na kukifanya kishada kishikamane kama pamba iliyolowa. Ncha husawazishwa kwa kuutia mkungu ndani ya kifuniko cha kalamu, ncha zikitazama chini, na kukigongagonga mezani. Hapo mkungu huwekwa juu ya shina, ncha zikipita mpindo kwa kiasi kisichozidi urefu wa ndoano yenyewe, maana kishada kirefu kupita kiasi humfanya samaki aume mkia wa manyoya na kuiacha ndoano. Mizunguko miwili ya kwanza huwa legevu, ya tatu hukazwa kwa nguvu iliyopimwa, na baada ya mizunguko mingine kadhaa mabaki ya mbele hukatwa kwa mshazari, hufunikwa kwa uzi, na fundo hupakwa rangi ya kucha au gundi isiyoyeyuka majini. Makosa ya wanaoanza karibu yote hutokana na ukarimu, kwa maana ya kuweka manyoya mengi: ndagala ni mwembamba na mwili wake hupitisha mwanga, na kishada kinene hakifanani naye kwa lolote.

Manyoya ya mbuzi si ya lazima. Unyoya mweupe wa kuku, sufu, nyuzi za nailoni zilizofumuliwa na vipande vya karatasi ya kung'aa vyote hufanya kazi hiyo, na wazo lenyewe ni la kale mno: mwandishi Aelian, aliyeishi Roma katika karne ya 2 na ya 3, alieleza habari za wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo. Wajapani nao wana mshipi uitwao sabiki, wenye ndoano ndogo nyingi zilizopambwa kwa vipande vya ngozi ya samaki, na huo ndio ulio karibu zaidi na mshipi wa mikebuka, ambao hubeba ndoano kadhaa kwenye vitawi vifupi vya uzi, zikifuatana hadi kwenye chubwi, yaani kipande cha risasi au chuma kinachouvuta mshipi chini.

Mvuvi huushusha mshipi huo hadi kina anachokisia kuwa na samaki, kisha huuinua kwa mkono na kuuachia kwa mapigo mafupi, na kuachia ndiko kunakohitaji uangalifu, kwa sababu samaki mara nyingi huuma wakati chambo kinashuka. Usiku taa huwavuta ndagala karibu na mtumbwi, na mikebuka huwafuata. Ndoano huchagua kwa ukubwa wake, kwani samaki mchanga hawezi kumeza ndoano kubwa, jambo ambalo kokoro lenye matundu madogo halilijui. Pamoja na hayo, uvuvi ziwani ulisimamishwa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hatua iliyotokana na makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa.

Kipindi cha namna hiyo hufaa kwa matengenezo. Ndoano zenye manyoya zisifungiwe katika kopo zikiwa mbichi, kwa kuwa kishada hushika maji na chuma huanza kutu chini ya uzi pasipoonekana. Huanikwa kivulini hadi zikauke, ncha hunolewa kwa tupa ndogo, na zile ambazo manyoya yake yameliwa na meno ya samaki hukatwa uzi kwa wembe na kufungwa upya kuanzia shina.