Petroli Ilipokuwa Taka

Jina "mafuta ya taa" limehifadhi historia ambayo ni nadra kuifikiria: viwanda vya kwanza vya kusafishia mafuta ghafi vilijengwa kwa ajili ya kuwasha taa, wala si kuendesha magari.

Tarehe 27 Agosti, 1859, Edwin Drake alifikia mafuta katika kisima chenye kina cha meta 21 hivi huko Titusville, Pennsylvania, nchini Marekani. Miaka minne kabla ya hapo, mwanakemia Benjamin Silliman alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa mafuta ghafi ni mchanganyiko, na kwamba yakichemshwa sehemu zake hutengana. Basi mafuta yalichemshwa katika chombo cha chuma kilichofungwa, na mvuke wake ukapitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji hata ukawa kiowevu. Petroli, iliyo nyepesi, ilitangulia kutoka. Mafuta ya taa yalifuata, kwa joto la kati ya nyuzi 150 na 300 za sentigredi hivi. Mwishoni yalibaki mafuta mazito na lami.

Petroli haikuwa na soko la kutosha, hivyo nyingi ilichomwa au kumwagwa mitoni. Wafanyabiashara wengine, wakichelea hasara, waliiacha ndani ya mafuta ya taa. Matokeo yalikuwa maafa, kwani petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata wakati wa baridi. Taa zililipuka, zikaunguza watu na nyumba. Kwa hiyo, katika miaka ya 1860, Uingereza ilianza kupima mafuta kisheria: yalipashwa moto polepole, na kuangaliwa ni kwa joto gani mvuke wake ungewaka.

Mabaki mengine yalipata matumizi mapema. Nta ilitengenezwa mishumaa, na mwaka 1872 Robert Chesebrough alipata hataza ya mafuta mazito ya kujipaka aliyoyaita Vaseline.

Karl Benz aliposajili gari lake la petroli mwaka 1886, mambo yalianza kugeuka. Kufikia mwaka 1913 petroli ilihitajiwa mno, hata William Burton akapewa hataza ya kuvunja molekuli za mafuta mazito kwa joto na kani kubwa ya mgandamizo, ili kuipata kwa wingi zaidi.

Thamani ya petroli ilibadilika; tabia yake haikubadilika. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli, hata kidogo, yangali yanaweza kulipua taa au jiko leo kama yalivyofanya wakati ule.