Gofu la Jahazi Ufuoni: Ni Juu ya Nani Kuliondoa?

Juma hili twapenda kuzungumza na jamaa zetu wa nyumbani juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila ya kulitazama, nalo ni vyombo vilivyotelekezwa kwenye bandari na fuo zetu.

Si zamani, ilipomalizika darsa ya kina mama, mama mmoja alibaki nyuma akitaka kuuliza. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akicheza ufuoni maji yalipokupwa. Akapanda juu ya gofu la jahazi lililolala pale tangu kabla hajazaliwa, na msumari wenye kutu ukamwingia unyayoni. Alhamdulillahi, mtoto alidungwa sindano ya pepopunda na jeraha limepona. Lakini mama yule hakuja kuombewa dua tu, alikuja na maswali matatu. Je, yafaa watu wa mtaa walitie moto gofu lile? Je, yafaa kutumia fedha za zaka kuliondoa? Na ikiwa yote mawili hayafai, basi ni juu ya nani? "Sheikh," alisema, "kila mtu asema jahazi si lake, na mtoto ni wangu."

Tulikwenda kulitazama kwa macho yetu. Mataruma yametokeza kama mbavu za mnyama, na mkuku umezama matopeni. Kando yake mna boti mbili za faiba zilizopasuka, injini zimekwisha kung'olewa, na maji ya mvua yaliyotuama ndani yake yamekuwa mazalio ya mbu. Wavuvi walitueleza kwamba nyavu zao hunasa hapo maji yanapojaa, na kwamba mashua iingiayo usiku haina taa wala alama ya kuionya. Mwenye jahazi si siri. Alikuwa nahodha aliyeheshimika, naye amekwisha tangulia mbele ya haki. Watoto wake wawili wako Ghuba, mmoja yuko bara, na binti yuko papa hapa mjini. Nyumba yake iligawanywa, na minazi ikagawanywa. Jahazi halikutajwa, kwa kuwa wakati huo lilionekana halina thamani, na kisicho na thamani hakigombewi na mtu.

Tuanze na suali la moto. Jibu ni kwamba haifai. Mali ya mtu haihalaliki kwa sababu imechakaa. Msomaji wa Sura ya al-Kahf anajua kisa cha jahazi la masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambalo al-Khidhr alilitia ila ili lisinyakuliwe na mfalme dhalimu. Chombo kile kilitiwa ila, na bado kilikuwa riziki ya watu na haki yao. Basi si kila chombo kibovu ni takataka, na si juu ya jirani kukata shauri hilo peke yake. Tena wanazuoni wetu wana kanuni kwamba dhara huondolewa, lakini haiondolewi kwa dhara iliyo sawa nayo au kubwa zaidi. Moshi wa faiba, rangi na mafuta ya injini ni sumu kwa vifua vya watoto wale wale tunaotaka kuwalinda.

Suali la pili ni la zaka. Mwenyezi Mungu ameyataja katika Sura ya at-Tawba mafungu manane ya wenye kustahiki, na rai ya wanazuoni walio wengi ni kwamba zaka haitoki nje ya mafungu hayo kwenda kwenye kazi za umma kama vile barabara na madaraja. Kuondoa gofu la chombo ni katika kazi hizo. Sadaka ya kawaida yafaa, na wakfu wafaa ikiwa sharti la mwenye kuweka wakfu laruhusu. Lakini fungu la fakiri na masikini lisiguswe kwa ajili ya jahazi.

Limebaki suali la tatu, nalo ndilo zito. Asili ya sharia ni kwamba anayekula faida ya kitu ndiye abebaye gharama yake. Mwenye chombo alikula matunda ya safari, basi ni juu yake kukiondoa kinapokuwa udhia kwa watu. Akifa, haki zilizothibiti juu yake hutolewa katika alichokiacha kabla ya warithi kugawana. Warithi hawalazimiki kulipa kutoka mifukoni mwao zaidi ya kile alichoacha marehemu, ingawa mtoto mwema hatapenda jina la babake litajwe kila mtu anapojikwaa. Hapa twawausia dada zetu hasa. Mnapokaa kitako kugawa mirathi, msiache chombo nje ya orodha. Mjane ana fungu lake katika mbao zile na mabinti wana lao, kwa hiyo wana kauli pia katika kuziuza, kuzivunja au kuzitoa. Ikiwa pana mzozo, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi yetu chini ya Katiba, maadamu pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa nayo.

Kanuni hii ya mwenye mali kubeba mzigo wake, ulimwengu nao umeifikia. Mnamo tarehe 18 Mei 2007, wajumbe wa mataifa walikutana katika mji mkuu wetu na kupitisha Mkataba wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli, ulioanza kufanya kazi tarehe 14 Aprili 2015. Mkataba huo wamtaka mwenye meli iliyozama au kukwama mahali pa hatari aiondoe katika muda aliopangiwa. Akikataa, nchi huiondoa na kumdai yeye gharama. Na ili asije akasema hana kitu, meli yenye ujazo wa tani 300 na zaidi yalazimika kuwa na bima au dhamana ya fedha kwa ajili hiyo.

Lakini jahazi la nahodha wetu halifiki tani 300, wala halikuwa na bima, na boti za faiba ni ndogo zaidi. Mkataba umewabana wakubwa, nasi tumebaki na vidogo visivyo na mdhamini. Zamani mambo yalijitengeneza yenyewe. Jahazi likizeeka, mbao zake ngumu zilifanywa milango, viti na boriti, na misumari yake ilitumika tena. Chuma nacho chakavu kina mnunuzi. Faiba haina mnunuzi. Haiozi kama mti, bali hukatika vipande na kusagika kuwa chembe zinazobaki baharini, na kuibomoa kwahitaji watu, chombo cha kuvuta, lori na mahali pa kuitupa. Kwa hiyo gharama ni kubwa kuliko thamani, na mwenyewe huiacha usiku na kwenda zake.

Hapo ndipo lijapo suali la fedha za umma. Tumetazama wengine walivyofanya. Huko Marekani, jimbo la Washington lilianzisha mwaka 2002 mpango wa kuondoa vyombo vilivyotelekezwa, na tangu hapo vimeondolewa zaidi ya 1,000. Fedha zake za mwanzo zilitoka katika ada ya kusajili boti za starehe, na mwaka 2022 sheria ikaongeza fungu la kodi inayotozwa vyombo hivyo. Yaani wenye vyombo kwa jumla ndio wachangiao kuondoa vya waliokimbia. Bandari au mji unaoondoa chombo waweza kurudishiwa hadi asilimia 90 ya gharama, na mwenye chombo akipatikana hudaiwa. Tena upo mlango wa wanyonge, kwani mwenye boti ndogo iliyochakaa asiye na uwezo aweza kuikabidhi kwa hiari kabla haijazama. Kukabidhi chombo kinachoelea ni nafuu mno kuliko kukitoa chini ya maji.

Kwa upande mwingine, pana ibra katika nchi ya Kiislamu ya Mauritania. Ghuba ya Nouadhibou ilijulikana duniani kuwa makaburi ya meli, kwani mamia ya meli za uvuvi ziliachwa humo mwaka baada ya mwaka, na yasemwa kuwa wengine waliwahonga maofisa ili wafumbe macho. Mwishowe ilihitajika fedha ya Umoja wa Ulaya kuondoa baadhi yake. Anayefumba macho kwa chombo kimoja leo, awaachia wajukuu mamia.

Wako watakaosema: serikali ikilipa, kila mtu atatelekeza chombo chake. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Mali ya umma ni amana, na si halali fedha ya mama muuza mahamri, anayelipa ada ya soko kila siku, imsafishie tajiri aliyenunua boti ya anasa akaichoka. Kwa hiyo twaona fedha ya umma itoke kwa masharti. Kwanza, kila chombo kiwe na usajili na namba, ajulikane mwenyewe. Pili, tangazo libandikwe kwenye chombo na msikitini, na muda utolewe. Tatu, mwenye uwezo adaiwe, na masikini asamehewe. Nne, mbao na vyuma vyenye thamani viuzwe hadharani, na kitakachozidi gharama warudishiwe wenyewe. Lakini kukiacha chombo kiendelee kudhuru mpaka apatikane mwenye makosa ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la mwenye mali. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na kwa mtu wa Pwani bahari ni njia.

Nani basi wa kuulizwa? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na kifungu cha 201 kimetaka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Makadirio ya bajeti ya kaunti yapasa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo huitwa mikutano ya wananchi kutoa maoni. Twasikitika kwamba katika mikutano hiyo kina mama zetu huwa wachache, ilhali wao ndio wajuao mtoto gani amechomwa na nini, na wapi. Nendeni na orodha iliyoandikwa: vyombo vingapi, viko ufuo gani, vinamdhuru nani. Kamati ya usimamizi wa ufuo iwasaidie kuhesabu. Ombi lenye hesabu ni vigumu kulipuuza.

Ama jahazi la nahodha, binti yake ametupa ruhusa tuseme haya bila ya kutaja jina. Amezungumza na ndugu zake kwa simu. Wamekubaliana mbao zilizo nzima zitolewe ziwe wakfu wa madrasa, na kila mmoja achangie ujira wa mafundi wa kuvunja. Mkuku uliozama matopeni hawauwezi, wala boti mbili za faiba si zao na mwenyewe hajulikani. Hayo yamebaki kuwa kazi ya umma, na mama yule wa maswali matatu ameazimia kuyapeleka mkutanoni mwaka huu. Tumemuahidi kwamba hatakwenda peke yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu manahodha wetu waliotangulia, awahifadhi watoto wetu nchi kavu na baharini, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuondoa udhia katika njia za waja wake. Amin.