KIINIMACHO, RAMLI NA WAJIBU WA KUKANUSHA: MFANO WA KIGOMA

Makala hii inakusudia kueleza ni wakati gani mfanya kiinimacho huwajibika kuwatamkia watazamaji kwamba hana uwezo wa ghaibu, na iwapo tamko hilo hutosha.

Lugha yenyewe imekwisha kuweka mpaka. Aalikwaye kutazama kiinimacho, au mazingaombwe, anajua kwamba macho yake yatachezewa. Jina la mchezo ni kanusho. Aendaye kupigiwa ramli hutarajia ukweli. Utata huzuka pale mchezaji anapoacha karata na leso, akaanza kutaja siri za mtazamaji au jina la marehemu wake. Hapo mbinu ni ya kiinimacho, lakini dai ni la ramli.

Mkoani Kigoma jambo hili si la nadharia tu. Kamchape, yaani wasaka wachawi ambao mwanaanthropolojia Roy Willis aliwachunguza huko Ufipa katika miaka ya 1960, wameonekana katika vijiji vya Kigoma pia katika miaka hii ya 2020. Mbele ya umati, kamchape hufukua pembe au hirizi nyumbani mwa mtu. Mwenye wepesi wa mkono aweza kukitoa udongoni kitu alichokificha kiganjani. Lakini hapa hakuna kanusho, na mwenye nyumba hubaki na jina la mchawi.

Sheria ya Uchawi, yenye asili yake mwaka 1928, huhesabu hata kule kudai tu kuwa na nguvu au ujuzi wa ghaibu kuwa ni uchawi. Kwa hiyo dai lenyewe lina uzito, uwezo uwepo usiwepo.

Je, kanusho hutosha? Kwa maoni yetu, halitoshi. Mchezaji asimamaye uwanjani Ujiji huzungumza na watu wenye habari za kamchape. Akisema huu ni mchezo tu, wako watakaodhani kwamba fundi anaficha nguvu zake. Tena, kanusho husikiwa na waliohudhuria, ilhali simulizi la ajabu huwafikia hata wasiohudhuria.

Hivyo basi, mchezaji hana budi kukanusha kabla na baada ya mchezo. Aidha, asimtaje mtu yeyote, hata kwa mzaha, kuwa chanzo cha ugonjwa, wizi au kifo. Kanusho humlinda mtazamaji. Kutotaja majina humlinda jirani asiyekuwapo.