Fahamu: Makavazi ya rege

Makavazi ya rege ni hazina ambamo santuri, kanda, picha na filamu za muziki huu, uliozaliwa Jamaika katika miaka ya 1960, hukusanywa na kulindwa.

Kwa nini sauti hupotea

Mafundi wa Kingston, mji mkuu wa Jamaika, walipotaka kuujaribu wimbo mpya mbele ya hadhara ya usiku, waliuchonga juu ya bamba la alumini lililopakwa vanishi laini, ambayo kila sindano ilipopita iliichukua chembe, hata sauti ikafifia na mikwaruzo ikatamalaki. Ni msiba ulioje bamba la namna hiyo likiwa halina nakala!

Kazi ya filamu

Kanda huhifadhi sauti, bali uso na mkono haivihifadhi. Tarehe 22 Aprili 1978, mwimbaji wa rege Bob Marley alipowaita jukwaani mahasimu wawili wa siasa za Jamaika, Michael Manley na Edward Seaga, akaiinua mikono yao ikiwa imeshikana, kamera zilikuwapo. Ndiyo maana filamu ya Heartland Reggae yatuonyesha tukio hilo hata leo.

Nani huhifadhi

UNESCO iliiingiza rege katika orodha ya turathi za binadamu mwaka 2018. Mjini Kingston, kazi ya kuihifadhi i mikononi mwa Jamaica Music Museum.