Lilial
Lilial ni kemikali ya manukato inayotengenezwa viwandani. Ni kimiminika kisicho na rangi au chenye umanjano kidogo. Fomula yake ni C14H20O.

Harufu yake inafanana na ile ya Convallaria majalis, ua dogo jeupe la Ulaya. Mafuta ya ua hilo hayapatikani kwa kukeneka, tofauti na mafuta ya karafuu yanayokenekwa kisiwani Pemba. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa manukato huiga harufu yake kwa kemikali.

Lilial ni jina la biashara la kampuni ya Givaudan ya Uswisi. Kwenye orodha ya viambato huandikwa "Butylphenyl Methylpropional". Ilitumika katika manukato, sabuni, shampuu na losheni.

Inaweza kusababisha mzio wa ngozi. Kutokana na majaribio kwa wanyama, Umoja wa Ulaya uliihesabu kati ya kemikali zinazodhaniwa kudhuru uzazi wa binadamu, ukaipiga marufuku katika vipodozi tangu tarehe 1 Machi 2022. Vipodozi vilivyotengenezwa kabla ya hapo hutambulika kwa kusoma jina hilo kwenye chupa.

Tanzania Bara vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019.